LP za Pink Floyd za marehemu ami: kuziosha, kuzirekodi na kutofautisha ubovu na muziki

Swali: Assalaam alaykum. Marehemu ami yangu alikuwa baharia, na katika vitu alivyoacha mna LP tano za Pink Floyd: Atom Heart Mother, Meddle, The Dark Side of the Moon, Wish You Were Here na Animals. Zimekaa miaka kabatini kwenye nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, na zimeshika koga. Mashine ya kuzipigia aliinunua Jeddah. Nimejaribu kuziingiza kwenye laptopu lakini sauti ni nyembamba kama ya simu, besi hakuna, nyimbo zinakwenda polepole na vipasuko ni vingi. Nikatumia programu ya kuondoa vipasuko, ikanifutia na milio ya saa iliyomo kwenye "Time". Tena kila nikikata nyimbo, kunabaki pengo kati ya mmoja na mwingine. Je, santuri zimekufa? Nianzie wapi?

Jibu: Waalaykum salaam. Mungu amrehemu ami yako. Santuri hazijafa, ila usizipige tena mpaka uzioshe. Kwa maelezo yako naona makosa matatu ya mashine, uchafu mmoja, na jambo jingine ambalo watu wengi hulikosa: kikundi hiki kiliweka makusudi ndani ya muziki wake sauti zinazofanana na ubovu. Usipojua ipi ni ipi, utatengeneza kizima na kuacha kibovu.

Tuanze na mwendo, maana hapo jibu ni la hesabu. Umeme wa Saudia ni wa hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, wetu ni wa hezi 50. Mashine nyingi za zamani zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira zina mota ambayo mwendo wake unafuata hezi, haufuati volti. Mota ya hezi 60 ukiichomeka Mombasa hupungua kwa sehemu moja ya sita: badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unapata kama 27.8. Transfoma haitakusaidia hapo, kwa sababu yenyewe hubadilisha volti tu. Hata hivyo soma kibandiko kilicho nyuma ya mashine kabla ya kuichomeka tena. Ikiwa imeandikwa 110 au 127 bila swichi ya kubadilisha, ikikutana na 240 ya kwetu itaungua, na hapo transfoma ni lazima.

Kuhakikisha ni rahisi. Bandika kijikaratasi ukingoni mwa sahani ya mashine, weka santuri usiyoijali, teremsha sindano, washa saa ya simu na uhesabu mizunguko kwa dakika tatu kamili. Mwendo sahihi ni mizunguko 100. Ukipata 83, tatizo ni hezi. Ukipata 95 au 97, na sauti inayumba kama mtu aliyelewa, huo ni mkanda uliolegea au mota iliyokauka mafuta. Mkanda wa mpira wa miaka hiyo kwa joto la pwani huwa ama umetepeta ama umegeuka ulimbo. Kama una kinanda nyumbani, kuna kipimo kingine: gitaa la besi linaloingia kwenye "Money" baada ya milio ya sarafu limesimama kwenye noti ya B. Ukilisikia karibu na G-shapu, yaani nusu toni tatu chini, basi ni hezi hizo hizo.

Dawa yake ni puli, ile gurudumu ndogo ya mota inayovuta mkanda. Inatakiwa iwe nene zaidi kwa asilimia 20: ya milimita 10 iwe 12, na uongeze kama milimita 0.2 kwa ajili ya unene wa mkanda. Fundi wa kukereza anaweza kukutolea ya shaba au ya alumini, mradi umpe puli ya asili aipime, maana tundu la katikati likipinda hata kidogo sauti itakuwa na mawimbi. Ukiirudisha hesabu tena ile dakika tatu. Kuna wanaorekodi kwa mwendo mbovu kisha wakauzidisha kwa 1.2 ndani ya kompyuta. Inawezekana, na noti zitarudi mahali pake, lakini marekebisho ya besi na sauti nyembamba nitakayoyaeleza sasa hivi yatakuwa yamefanyika kwenye mwendo usio wake, kwa hiyo rangi ya sauti itabaki imepotoka. Kwa santuri tano za kumbukumbu ya mtu, ningekwenda kwa fundi. Na kama mashine yako haina mkanda, au mota yake ni ya DC, hezi haiihusu kabisa. Hapo tafuta skrubu ndogo ya kurekebisha mwendo.

Sasa hiyo sauti ya simu. Santuri haichongwi na sauti kamili. Tangu katikati ya miaka ya 1950 viwanda vimefuata kanuni moja iitwayo RIAA: wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa karibu desibeli 20 kule chini kabisa, ili mifuo, yaani mistari inayopitiwa na sindano, isiwe mipana mno, na sauti nyembamba huongezwa karibu kiasi hicho hicho kule juu, ili ishinde mkwaruzo wa plastiki. Wakati wa kupiga, lazima kifaa fulani kigeuze kinyume. Kifaa hicho ni priamplifaya ya fono. Kichwa cha sumaku, kile kinachoshika sindano, hutoa kama milivolti 5 tu, na tundu la kawaida la laini (Line In) linataka kama 300. Wewe umechomeka moja kwa moja, ukaongeza sauti mpaka mwisho, ndiyo maana unasikia wembamba na vipasuko vitupu: vipasuko ni sauti za juu, nazo zimebaki na nyongeza yote ya desibeli 20. Ukiweka fono, besi itarudi na vipasuko vitapungua kwa wakati mmoja, kabla hujafungua programu yoyote.

Kama kuna amplifaya ya zamani nyumbani yenye tundu lililoandikwa Phono, umeshapata. Ingiza mashine hapo, kisha toa kwenye tundu la Rec Out au Tape Out kwenda kompyuta. Usitoe kwenye tundu la spika wala la hedfoni. Tundu la pembeni la laptopu pia liache, kwani nyingi zina tundu la maikrofoni ambalo ni la mono, yaani kushoto na kulia huwa kitu kimoja, na muziki huu ukiuingiza kwa mono umepoteza nusu ya kazi yao. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini la kushoto na kulia. Ule waya mwembamba wa tatu unaotoka kwenye mashine, wenye kichwa kama uma, ufunge kwenye skrubu ya amplifaya. Bila huo utasikia mngurumo wa hezi 50 chini ya kila wimbo. Mngurumo ukibaki, chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Nyumba nyingi za zamani nyaya zake hazina ardhi ya maana, na chaja ndiyo hubeba uchafu huo. Isitoshe umeme ukikatika katikati ya upande, santuri itasimama tu, faili itabaki.

Koga. Hii ndiyo sababu ya kukukataza kuzipiga. Koga ikipitiwa na sindano haitoki; inasagwa na kubanwa chini ya mfuo pamoja na vumbi, na sindano yenyewe inabeba uji. Unahitaji maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya kisima ya kisiwani yana chokaa na chumvi, na yakikauka ndani ya mfuo yanaacha mchanga mweupe. Ya bomba nayo usiyaamini. Nunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli, yale ya kuongezea, na usome kibandiko mara mbili, kwa sababu dumu la asidi ya betri huwekwa rafu hiyo hiyo na hufanana. Lita moja ya maji hayo, matone mawili au matatu ya sabuni ya maji ya vyombo isiyo na rangi wala manukato mengi. Kwa koga iliyoshika sana unaweza kuongeza alkoholi safi ya isopropili ya duka la dawa, mililita 100 kwa kila lita. Spiriti ya kusafishia vidonda usitumie, huwa na mafuta au rangi inayobaki.

Na hapa nikutahadharishe: kama ndani ya kabati hilo mna santuri nzito za mizunguko 78, zile zinazovunjika kama kigae, za taarabu ya zamani, zisiguswe na isopropili hata tone. Hizo ni za sheli, na alkoholi huyeyusha sheli. Maji na sabuni tu, upesi, kisha futa.

Laza santuri juu ya taulo safi. Funika lebo ya katikati kwa kifuniko cha plastiki chenye upana wa sentimita 10 hivi, maana wino wa lebo hutoka na koga hupenda karatasi iliyolowa. Nyunyiza mchanganyiko, uache dakika moja au mbili ulainishe, kisha pitisha brashi laini kufuata mifuo, mizunguko mitatu huku na mitatu kule. Usikate mifuo kwa kupiga brashi kutoka katikati kwenda nje. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba, suuza kwa maji matupu ya betri, futa kwa kitambaa cha pili. Kusuuza ndiko watu wanakoruka, halafu wanashangaa sindano imejaa utelezi mweupe, ni sabuni. Simamisha kwenye kibebeo cha sahani cha jikoni, kivulini, feni ikipuliza kwa mbali, nusu saa au zaidi. Ukiosha wakati wa masika ongeza muda huo mara mbili. Juani hapana. Plastiki ya LP huanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na kofia ya gari iliyoegeshwa mchana Januari inazifikia bila taabu.

Bahasha za ndani za zamani zitupe, hata kama zinaonekana nzima, kwani mbegu za koga zimo humo. Weka mpya za polithini laini. Kava zifutie nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, ukivaa barakoa. Faida moja tunayo watu wa pwani: unyevu wetu hauachi umemetuli kukaa kwenye santuri, kwa hiyo zile brashi ghali za kaboni hazina kazi kubwa hapa.

Kisha sindano. Kama hujui imetumika saa ngapi, ibadilishe. Ya kawaida huchoka kati ya saa 500 na 1,000, na iliyochoka inachonga upya mfuo. Uzito wake kwa vichwa vingi vya sumaku ni gramu 1.5 hadi 2, na namba halisi huandikwa na mtengenezaji. Usidhani nyepesi ndiyo salama. Sindano nyepesi kupita kiasi huruka ndani ya mfuo na kugonga kuta, na huo ndio uharibifu usiorudi.

Kipimo kizuri cha sindano unacho tayari kabatini. Mfuo wa nje wa LP hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde. Ule wa ndani, karibu na lebo, ni kama 21 tu. Sauti ile ile sasa imebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, na sindano mbovu au iliyokaa upande huanza kukoroma hapo. Sasa tazama upande wa kwanza wa The Dark Side of the Moon unaishia na nini: "The Great Gig in the Sky", sauti ya Clare Torry ikipanda mpaka kilele bila maneno, mwishoni kabisa mwa mfuo. Aliiimba Januari 1973 kwenye studio ya Abbey Road, London, kwa malipo ya pauni 30. Ikiwa vilele vyake vinatoka safi, kichwa chako kimekaa sawa. Ikiwa vinachanika kama karatasi, ilhali "Breathe" mwanzoni mwa upande ilikuwa laini, rekebisha pembe ya kichwa na uzito kabla ya kurekodi chochote. Vikichanika hata baada ya hapo, sindano za miaka iliyopita zimeshakula mfuo, na utaridhika na kilichopo.

Kurekodi kwenyewe ni kazi fupi. Fungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, chagua biti 24 na hezi 96,000. Upande wa dakika 22 utachukua kama MB 760, na LP zako tano zote karibu GB 8. Rekodi upande mzima kwa pigo moja. Kiwango cha sauti kitafute kwanza mahali penye kishindo kikubwa, ukihakikisha kilele hakizidi desibeli -6, halafu usikiguse tena mpaka upande uishe. Kwenye Dark Side mahali hapo ni saa za "Time", ambazo hulipuka baada ya kimya. Ukipima kwa mapigo ya moyo ya mwanzoni utaweka sauti juu mno, na saa zitapasuka. Mapigo yenyewe, ambayo ni ngoma ya mguu ya Nick Mason, mpiga ngoma wa kikundi, huanza kutoka kwenye kimya kabisa, kwa hiyo bonyeza kitufe cha kurekodi kabla ya kuteremsha sindano. Rekodi nyingi za nyumbani zimeukosa mwanzo huo.

Sasa tuje kwenye sauti zitakazokudanganya, na hapa nitakaa kidogo.

"Money" huanza na mashine ya keshia, sarafu na karatasi inayochanwa. Roger Waters, mpiga besi, na Mason walikata vipande vya utepe, wakavipima kwa rula ili viwe sawa, wakaviunga duara linalozunguka kwa mapigo saba. Programu ya kuondoa vipasuko inaona nini? Inaona vishindo vifupi, vikali, vya ghafla, yaani kile kile ilichofundishwa kukifuta. Ndivyo ilivyokufanyia kwenye "Time": saa zile Alan Parsons, fundi mitambo wa sauti, alizirekodi moja moja kwenye duka la saa za kale, na kila tiki ni kipasuko machoni mwa programu. "On the Run" nayo ina sahani za ngoma za haraka na nyayo za mtu anayekimbia juu ya sintesaiza. Programu huzilainisha mpaka anayekimbia unadhani amevaa soksi.

Kuna namna ya hakika ya kujua mkwaruzo. Santuri ya 33⅓ huzunguka mara moja kila sekunde 1.8. Mkwaruzo unaokata mifuo kadhaa hurudi kila sekunde 1.8, hauwahi wala hauchelewi. Duara la "Money" hurudi baada ya zaidi ya sekunde tatu. Kwenye Audacity vuta picha ya sauti mpaka uione, weka alama kwenye kipasuko, nenda sekunde 1.8 mbele. Ukikuta mwenzake, futa wote wawili kwa mkono kwa kifaa cha Repair, ambacho hufanya kazi kwenye sampuli 128 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo chagua kipande kidogo. Usipokuta kitu, ni vumbi la peke yake au ni muziki. Sikiliza na hedfoni uamue. Kazi ya upande mmoja hivi inaweza kula saa mbili. Programu ya moja kwa moja unaweza kuiachia sehemu tulivu zisizo na vishindo, kama "Us and Them", kwa nguvu ndogo.

Wish You Were Here, ya 1975, ina mtego mwingine. Mwishoni mwa "Have a Cigar", gitaa likiwa limepamba moto, sauti hunyauka ghafla kama waya umechomoka. Hujachomoka. Ni muziki unaingizwa ndani ya redio ndogo. Kisha mtu anazungusha stesheni, kunapita maneno na kipande cha simfoni ya Tchaikovsky, halafu gitaa jembamba la redio linaanza wimbo uliobeba jina la LP. Gitaa la pili, nene, linaingia kama kwamba kuna mtu chumbani anaifuatiza redio. Mnaweza kusikia hata kikohozi. Ukitumia kipunguza kelele hapo utafuta redio yenyewe na kumwacha mpigaji akiitikia hewa.

Kwenye Meddle, ya 1971, "One of These Days" inaanza na magitaa mawili ya besi, moja kushoto na moja kulia, na moja ni butu kuliko lingine. Watu wamebadilisha vichwa vya mashine kwa ajili ya hilo. David Gilmour, mpiga gitaa wao, alieleza kuwa gitaa moja lilikuwa na nyuzi kuukuu. Kijana aliyetumwa kununua mpya akaenda kwa mchumba wake badala yake, zikabaki zile zile. Ukitaka kujua kama masikio mawili ya mashine yako yako sawa, tumia santuri ya mono. Ile ndogo ya taarabu ya 45 ya miaka ya 1960, ambayo nyumba nyingi za Mombasa hazikosi, itafaa kabisa: sauti ya mwimbaji lazima isimame katikati ya kichwa. Upande wa pili wa Meddle wote ni "Echoes", dakika 23 na nusu, na upande mrefu hivyo huchongwa kwa sauti ya chini zaidi. Usishangae kiwango kikishuka ukilinganisha na santuri nyingine. Ule mlio wa kwanza wa pekee pekee, kama tone la maji ndani ya birika, ni noti ya piano ya Richard Wright, mpiga kinanda wa kikundi, iliyopitishwa kwenye spika inayozunguka. Kipasuko kidogo kati ya tone na tone husikika hapo kuliko popote, kwa hiyo dakika ya kwanza ifanye kwa mkono.

Atom Heart Mother, ya 1970, itakufanya uutilie shaka mkanda wako mpya. Upande wa kwanza ni tungo moja ya karibu dakika 24, yenye kwaya na vyombo vya kupuliza, na mwendo wake unapanda na kushuka. Waters na Mason walipiga besi na ngoma kwa pigo moja mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa EMI, kampuni yao ya santuri, haikutaka utepe wa mashine zake mpya ukatwe na kuungwa. Basi walivyochoka na kuchangamka ndivyo ilivyobaki. Tofauti ni hii: mashine ikiyumba, mwendo na noti huyumba pamoja, wapigaji wakiyumba, noti hukaa pale pale. Upande wa pili nao unaisha na bomba linalodondosha maji, na kwenye matoleo ya Uingereza tone hilo limechongwa mpaka kwenye mfuo wa mwisho unaojirudia. Litadondoka mpaka uinue sindano. Liache lidondoke mara kumi hivi, kisha kwenye kompyuta ulififishe taratibu.

Kuhusu kukata. LP hizi zilipangwa kwa upande, na kwenye Dark Side hakuna kimya baina ya nyimbo isipokuwa pale unapogeuza santuri. Pengo unalolisikia halitoki kwenye mkato wako, linatoka kwenye MP3, ambayo huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili isiyopunguza chochote kwenye sauti. Weka alama bila kunyamazisha wala kufifisha, na mkato uangukie mahali wimbi la sauti linapovuka mstari wa sifuri, ama sivyo utajitengenezea kipasuko kipya. Halafu hakikisha programu ya kuchezea ina uwezo wa kuunganisha faili bila pengo. Mahali pa kukata kati ya "Money" na "Us and Them" ni pale kinanda cha "Us and Them" kinapotulia peke yake baada ya watu kuzungumza. Maneno yao yabaki na "Money". "Shine On You Crazy Diamond" iliyo mwanzo na mwisho wa Wish You Were Here usiiunge kuwa faili moja ya dakika 26. Waliigawa wenyewe, na upepo unaotangulia sehemu ya sita unatoka ndani ya wimbo uliopita. Ningekuwa wewe ningeweka seti mbili: faili moja kwa kila upande kwa kusikiliza, na nyingine zilizokatwa kwa simu.

Kabla hujatupa makaratasi, tazama ndani ya kava la Dark Side. Lilitoka na mabango mawili na vibandiko. Yakiwepo yasikunjuliwe yakiwa na unyevu. Lebo ikiwa na pembetatu iliyojazwa rangi ya buluu na namba SHVL 804, hiyo ni ya chapa za mwanzo za Uingereza, na koga au la, usimpe mtu kwa bei ya kilo. Namba ikianza na Q4, ni toleo la spika nne. Litapiga kwenye mashine yako lakini mchanganyiko wake ni tofauti na ule uliozoea.

Anza na Animals, ya 1977. Haina saa, haina sarafu, haina redio, na mbwa wanaobweka kwenye "Dogs" utawatambua. Mtihani wake ni mmoja tu, dakika moja na nusu ya gitaa tulivu mwanzoni mwa upande wa kwanza, ambapo utasikia kama uliosha vizuri. Ufuate Meddle, kisha Atom Heart Mother, kisha Wish You Were Here, na Dark Side uiache ya mwisho, mkono ukishazoea.